Pipa Nililolifungia Kufuli

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, mpaka harufu yake. Maji ya bahari yalikuwa yametoka, matope ya mikoko yananuka juani, na mie nimesimama mlangoni mwa nyumba yangu Kiongoroni, nimetanua mikono yote miwili ili mgonjwa asitolewe nje. Mgonjwa mwenyewe ni binti yangu wa kumzaa. Nilijua namlinda. Kumbe nilikuwa nimemkaba roho.

Nitakueleza nilivyofika pale mlangoni, na sitajipamba.

Mie ni mtu wa kushuku. Nikiuziwa samaki nafunua mashavu kwanza. Mtu akinisifia sana najiuliza anataka nini. Wajukuu wananiita polisi, na sikatai. Shule niliishia darasa la nne, lakini kumtambua mwongo sikufundishwa na mwalimu, nilizaliwa nako. Kwa hilo najivunia. Ila shuku yangu iliwahi kunipotosha mara moja, na mara hiyo moja ilikaribia kunilia mtoto.

Kwetu delta ya Rufiji, bahari ikijaa maji ya chumvi hupanda mtoni mpaka mlangoni mwa watu. Huyawezi kwa kunywa wala kwa kupikia. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, tunayafuata kwa mtumbwi huko juu, au tunakinga ya mvua. Kwa hiyo mwanamke wa kwetu humpimi kwa dhahabu yake, unampima kwa pipa lake la maji. Langu lilikuwa la bluu, kubwa, nilikabidhiwa na mama mkwe pamoja na agizo lake: pipa la maji baridi halikaushwi. Ukichota unaacha ya chini, ukipata mengine unaongezea juu yake, nyumba isipungukiwe. Nikashika agizo. Miaka na miaka sikuwahi kuliinamisha.

Sasa nikaanza kuona maji yanapungua. Napima kwa kijiti asubuhi, napima jioni, kijiti kinanionyesha. Nikamshuku jirani yangu, Mama Shomari, maana mlango wake na wangu inatazamana na yeye hodi haijui. Nikalihamishia pipa chumba cha ndani, chumba chenye kiza, nikalifunika kipande cha kanga kilichochakaa, nikatia kufuli mlangoni. Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la nguo yangu. Nikalala raha.

Ukafika wakati wa binti yangu Mwanahawa. Alikuwa amevunja ungo, na kwetu binti akivunja ungo anawekwa ndani, anaitwa mwali. Wanaume hawamwoni, jua halimpigi, anasingwa kwa liwa, ule unga wa mti unaonukia, anafunzwa mambo ya utu uzima, hata siku ya ngoma akitolewa nje anang'aa. Siku hizi ni zile wiki za likizo ya shule tu, lakini ni wiki zenye heshima. Nikamweka chumba kile kile cha pipa, maana ndicho chenye kufuli. Mtoto wangu na maji yangu, vyote chini ya ufunguo mmoja.

Wa kumkalia mwali ni shangazi yake. Akaja wifi yangu Zuhura, dada wa mume wangu, kutoka Dar es Salaam. Mume wangu mwenyewe alikuwa kambini mikokoni anakata boriti. Zuhura alishuka kwenye boti ameshika paji la uso, anatembea kama bibi wa miaka tisini.

"Wifi, macho yangu," akaniambia. "Si macho yenyewe, ni nyuma ya macho. Nikiyageuza ni kama mtu ananisukuma kidole kwa ndani."

"Nyuma ya macho kuna nini, wifi? Mie najua mbele tu."

"Na viungo. Kila kiungo kama kimepondwa kwa mchi."

"Mchi utaushika kesho, tuna mpunga wa kutwanga. Ndiyo maana vinauma mapema!"

Wanawake waliokuwa pale wakacheka, na mie nikacheka kuliko wote. Nikajua huyu ni mtu wa mjini anakwepa kazi. Akalala chumba cha mwali na homa yake. Siku kama ya tano homa ikamwachia, akatokwa na vipele vyekundu kifuani na mikononi, ngozi kama imechomwa na jua, naye hajatoka nje.

"Mkorogo umekugeuka," nikamwambia.

"Mkorogo gani, wifi, na weusi wote huu? Hela yangu ningeidai!"

Tukacheka tena. Akapona, nikasahau. Lakini jambo moja lilinikaa: hakuwahi kunieleza aliugua nini. Nikaliweka moyoni, kama ninavyoweka mambo.

Siku zikaenda. Mwanahawa akaanza kunilalamikia. "Mama, humu mbu wanauma mchana. Weusi, miguu ina madoa meupe, kama wamevaa soksi." Nikamwambia mbu ni wa usiku, na usiku yumo ndani ya chandarua. Hao wa mchana wenye soksi ni hadithi za mwali aliyechoka kukaa ndani. Nilimshuku hata yeye, mwanangu. Nilidhani anatafuta mlango.

Kama wiki tatu tangu Zuhura afike, mtoto aliamka mzima, akanywa uji, akacheka. Jua lilipofika utosini alikuwa anawaka. Si homa ya kuja taratibu. Hii ilimwangukia kwa mara moja. Akashika kichwa. Akasema, "Mama, nyuma ya macho." Akasema viungo, akasema mgongo, akalia akiguswa.

Zuhura akaniangalia. "Wifi, hii ni ile yangu mimi."

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Maana Zuhura hakujaaliwa mtoto. Ameolewa mara mbili, ameachika mara mbili, tumbo kavu. Nikajumlisha mambo yangu: amekuja na ugonjwa asioutaja, amelala na binti yangu, yeye amepona, mtoto ameanguka, na ugonjwa ni ule ule. Nikaona ameutua mzigo wake kwa mwanangu. Sikusema. Nilimwondolea tu kikombe mkononi nikamnywesha mtoto mwenyewe.

Mwali hatolewi kabla ya siku yake, kwa hiyo nilimwita nesi aje nyumbani. Nesi Upendo, mtu wa bara, wa huko Iringa kwenye baridi, hata mwaka alikuwa hajamaliza kwetu. Akaja na mkoba wake, akamtoboa kidole, akaangalia kile kipimo kidogo.

"Malaria hakuna, mama."

"Hakuna vipi? Anaungua!"

"Anaungua, lakini si kwa malaria. Dar es Salaam kuna homa ya dengue msimu huu, na shangazi mtu ametoka huko. Mpe paracetamol, siyo dawa nyingine ya maumivu. Anywe sana: maji, uji, madafu, maji ya chumvi na sukari. Mchana alale ndani ya chandarua, mbu wasiichukue kwake wakawapelekea wengine. Na homa ikishuka msilale usingizi. Akitapika sana, tumbo likimkaza, akitoka damu popote, akilegea, nileteeni hata kwa kumbeba."

Alisema yote hayo, tena mara mbili. Unajua mie nilisikia nini? Nilisikia malaria hakuna. Nikajiambia: huyu dawa za malaria anazo, anazificha, zinakwenda kwa watu wake. Kipimo gani kisichoiona malaria Rufiji? Tumezaliwa nayo! Alipotoka nikamtuma mtu dukani aniletee vidonge vikali, vile vinavyomaliza maumivu ya mgongo ya wakata boriti. Nikampa mtoto viwili, usiku viwili, na kesho yake. Maumivu yakapungua kweli. Nikaona nimemshinda nesi.

Siku ya nne homa ikashuka. Mwili ukawa wa baridi, mzuri, wa kushikika. Nikapiga kigelegele peke yangu uani. Zilikuwa zimebaki siku tatu ngoma ilie. Nikaanza kuchambua mchele, na hapo ulimi wangu ukafunguka.

"Umeona, wifi? Amepona na dawa yangu. Sasa peleka mzigo wako kwingine."

Zuhura akaacha ungo. "Mzigo gani?"

"Unaujua."

"Sema, wifi. Usinitafunie maneno."

Nikasema. Nilisema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka ulimi unakuwa mzito. Nilimwambia, "Hukuzaa, sasa unataka kula niliyezaa."

Aliinuka, akajifuta pumba za mchele mikononi, akaingia ndani kwa mwali. Mie nikaendelea kuchambua, nafurahi kwa ubaya.

Alipotoka alikuwa ameshika mswaki wa Mwanahawa. Ulikuwa mwekundu.

"Fizi zinatoka damu," akasema. "Ametapika mara tatu, hakutaka ujue, anaogopa utaahirisha ngoma. Tumbo limekaza hapa juu. Miguu yake ya baridi kama samaki. Homa imeshuka, wifi, yeye ndiye anayekwenda."

Nikaingia. Mtoto alinitazama kama mtu aliye mbali. Kwenye miguu alikuwa na vidoa vidogo vyekundu, kama amechomwa sindano, na nilipovibonyeza havikufifia. Wewe unadhani hapo nilishtuka nikambeba? Hapana. Nilishuku. Nikaona Zuhura anatafuta njia ya kumtoa mwali wangu hadharani, juani, bila ngoma, mbele ya wanaume, anifedheheshe kijiji kizima kwa lile neno nililomwambia. Yeye akamfunika mtoto kanga mbili, akamweka mgongoni. Mie nikakimbilia mlangoni, nikatanua mikono.

Ndiyo siku niliyokuambia. Ndio mlango.

"Toka, wifi."

"Mwali hatoki. Zimebaki siku tatu."

"Toka mlangoni."

"Hatoki!"

Zuhura akasogea mpaka pumzi yake ikanigusa usoni. Hakupaza sauti. "Akifia humu ndani, utamtoa kwa ngoma gani?"

Mikono yangu ikashuka yenyewe. Sikuiamuru.

Tulipofika ufukweni boti imekaa juu ya matope, maji yako mbali, mtu mwenye boti anakuna kichwa. Kungoja bahari ijae ni kungoja mpaka alasiri. Nikaanza kulia kama mtoto. Na nani aliyekuja kunivusha? Mama Shomari, yule yule niliyemtilia kufuli. Alikuja na wanawake wanne, wakajifunga kanga viunoni, wakaingia matopeni mpaka mapajani, wakasukuma ile boti kwa mabega, wanapokezana, wanatukana matope, mpaka ikagusa maji ya mkondo. Kisha Mama Shomari akanipa chupa.

"Maji baridi, ya kwangu," akasema. "Mnyweshe kidogo kidogo. Njia ndefu."

Sikuweza kumtazama. Mpaka bandari ya Nyamisati mtoto alinywa maji ya mtu niliyemwita mwizi, na ndiyo yaliyombakisha akipepesa macho. Tukashuka, tukapata gari mpaka hospitali, Kibiti.

Daktari akauliza, "Mmempa dawa gani?"

Nikasema, "Hakuna."

Zuhura akanitazama tu. Nikafungua pindo la nguo, lile lenye ufunguo, nikatoa vidonge vilivyobaki. Daktari akavigeuza, akatikisa kichwa. Akaniambia homa ile wazee wetu waliiita kidingapopo, na dawa za namna ile zinaifanya damu itoke kirahisi zaidi, kwa mtu ambaye tayari inamtoka. Akaniambia ugonjwa huu hudanganya: mwili unapoa, watu wanafurahi, na siku hiyo hiyo maji ya damu yanavuja ndani kwa ndani. "Ungechelewa mpaka kesho, mama," akasema, akageukia mkono wa mtoto kutafuta mshipa. Wakamtundikia dripu. Siku ya kwanza hakutujua. Siku ya pili aliomba uji. Siku ya tatu, siku ile ambayo ngoma ingelia, alikaa kitandani akauliza kama mchele tulishauchambua. Nikatoka nje nikalia mpaka nikakohoa.

Tuliporudi Kiongoroni, Nesi Upendo alikuja kumwona. Akaomba aonyeshwe mtoto alikuwa analala wapi. Nikafungua kufuli. Akaangalia kile kiza, akaliona pipa, akaondoa kanga, akamulika kwa simu yake.

"Njoo, mama. Nasikia una wezi wa maji?"

"Ninao."

"Hawa hapa."

Nikachungulia. Maji meupe, safi, unaweza kuhesabu vidole vyako chini. Na ndani yake viluwiluwi vinacheza, vinapinda na kujinyoosha, mamia. Mbu mmoja mwenye soksi akapita puani kwangu. Zuhura aliuleta ugonjwa bila kujua, kwenye damu yake, kama mtu yeyote anavyoweza kuuleta akitoka mahali ulipo. Lakini waliouchukua kwake wakamtia mwanangu ni mbu niliowafuga mwenyewe, kwa maji ya fahari yangu, katika chumba nilichokifunga mwenyewe, na mtoto wangu nimewawekea humo humo mchana kutwa. Na kupungua kwa maji je? Watu watatu wakubwa tulikuwa tunakunywa humo, na mie nilikuwa nahesabu kama nakunywa peke yangu.

Siku ile nililiinamisha pipa la mama mkwe kwa mara ya kwanza. Tulilisugua ndani kwa mchanga na makumbi ya nazi, pale kwenye kingo ambapo mayai yao hung'ang'ania. Zuhura alishika upande mmoja, mie mwingine. Nikamwambia, "Wifi, lile neno." Akasema, "Sugua." Nikasugua. Baadaye sana, tumekaa, akasema, "Lile neno liliniuma kuliko mifupa." Nikamwomba radhi, akaipokea. Na ngoma ilipolia, mwezi uliofuata, sikumtoa mie Mwanahawa. Nilimpa Zuhura ufunguo, yeye ndiye aliyefungua mlango akamshika mkono akamleta juani. Mwanahawa leo ana watoto wake, na mkubwa wao anaitwa Zuhura.

Sasa sikiliza, mwanangu. Sikuambii uache kushuku. Mie sijaacha. Nakwambia uipeleke shuku yako mahali pake.

Ishuku homa inayomwangukia mtu ghafla, na kichwa, na maumivu nyuma ya macho, na viungo kama vimepondwa, na vipele vinavyofuata. Kapime malaria kwanza, maana nayo inaua na iko kwetu. Wakikuambia haipo, usimgeuze nesi mwizi. Muulize basi ni nini. Ishuku dawa ya maumivu isiyo paracetamol, ile asprini, ile diklofenaki, na ndugu zao wenye majina ya kuvunja ulimi, mpaka mganga wa hospitali akuruhusu. Mgonjwa anywe, na akikataa umbembeleze anywe tena. Zaidi ya yote ishuku homa iliyoshuka. Siku hiyo kaa naye: angalia fizi, angalia pua, angalia choo kama ni cheusi, gusa tumbo, gusa miguu, ona kama amekojoa. Tumbo likikaza, akitapika hovyo, damu ikionekana, akilegea au akihangaika, mtoe. Iwe ni mwali, iwe ni mzazi aliyejifungua juzi, iwe kuna ngoma au msiba, mtoe.

Ishuku pia maji yaliyotulia, hasa yakiwa safi: pipa, ndoo, kifuu, tairi, mtumbwi uliopinduliwa vibaya uani. Kila wiki yamwage au uyahamishe, usugue kingo, ufunike kwa mfuniko hasa, siyo kitambaa chenye tundu. Mama mkwe wangu anisamehe huko aliko, alinifundisha alichokijua.

Na ukishamaliza kushuku hayo yote, jishuku na wewe kidogo, kabla hujamsemea mtu neno. Kufuli lile bado ninalo, limeota kutu, nimelitundika ukutani. Wageni wakiniuliza ni la nini, nawapa kwanza maji ya kunywa, kutoka pipa lililosuguliwa, ndipo nawahadithia.

Mwenyezi Mungu akulinde, mwanangu, na mbu wa mchana na maneno ya hasira. Akupe maji baridi yasiyokauka, na jirani wa kukusukumia boti siku maji yametoka, na mtu wa kukuondoa mlangoni ukisimama pabaya. Amin.